Nusu Milimita

Kitu chenyewe ni kidogo, chaenea ukuchani.
Plastiki nyeusi, mdomo mmoja, meno mawili.
Kazi yake ni kukaa mwisho wa waipa
na kuizuia raba isichomoke
gari likiwa mbio mvuani.
Hakuna anayeuliza jina lake.
Mimi na Kisilu twakiita kikomo,
ila Kisilu akikasirika hukiita mkwe.

Karakana yetu iko Kariobangi, nyuma ya wasubu sufuria.
Tuna kioo cha Datsun tulichokisimamisha mezani,
mota, betri kuukuu,
na ndoo iliyotobolewa matundu: hiyo ndiyo mvua yetu.
Februari nzima, kiangazi kikiwaka, tulinyesha wenyewe.

Kikomo cha kwanza kilipasuka kikipachikwa.
Cha pili kiliingia vizuri na kutoka vizuri,
nikakiokota chini ya kabati wiki iliyofuata.
Cha tatu sikisemi.
Cha nne kilipendeza mno, nikakipiga picha
nikamtumia dada yangu Mbale.
Akajibu: "Ni kifungo cha koti?"

Basi nikakaza.
Nilidhani kushika ni kubana.
Nikarefusha meno, nikayapinda kama kucha za paka,
Kisilu akachonga kalibu upya, chuma kikilia,
chembe zikimrukia ndevuni.
Kikomo cha saba, vuta usivute, hakikung'oka.
Tukanywa chai ya kujipongeza,
tukampa Gathogo afunge kwenye gari lake la mikate.

Siku tisa.
Jua la saa nane, Barabara ya Jogoo,
foleni haisogei, kioo kinachemka,
raba ikataka kujinyoosha
ikakuta milango imefungwa kote kuwili.
Ikajikunja katikati, ikaota kibiongo.
Mvua ilipopiga alfajiri moja, waipa iliruka
palepale penye macho ya dereva.
Gathogo aliirudisha bila neno.
Akaweka mezani mikate miwili
kama mtu aliyekuja matangani.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu Gikomba, viatu vya shule.
Muuzaji akabonyeza ncha kwa kidole gumba:
"Mwachie nafasi, mama. Mguu una safari."

Sitaki kusema jibu nililipata hapo.
Jibu nilikuwa nalo daftarini, ukurasa wa Januari,
nimelikata mwenyewe kwa wino mwekundu.

Nusu milimita.
Unene wa karatasi tano.
Meno yashike uti wa chuma, raba yaiache;
ncha moja iwe nanga, ya pili iwe mlango,
raba ikipata joto itembee,
ikipoa irudi kwao.
Kisilu alipima mara tatu, akafuta kipimo, akapima tena.
"Hapa chawa anapita," alisema.
Nikamwambia, apite.

Hicho kilikuwa cha kumi na moja.

Sasa ni Aprili, mzunguko wa Nyayo.
Kongoti juu ya migunga wanachafua vioo bila ubaguzi,
na mvua ya kweli, isiyotoka ndooni, inateremka.
Mchuuzi amekuja dirishani kwangu,
karatasi ya nailoni mabegani, waipa mkononi kama upinde.
"Madam, hii haitoki mwisho. Tazama!"
Akaing'ata ncha, akavuta
hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

Nilimtazama aking'ang'ana.
Nilitaka kumwambia avute upande wa pili,
huo wa mlango, aone.
Taa zikawa kijani, nyuma wakaanza kupiga honi.
Nikauliza bei. Akataja mara tatu ya tuliyouzia sisi.
Nikalipa.

Gari langu halikuhitaji waipa.
Nyumbani niliigeuzageuza chini ya balbu:
kikomo kizima, hakijachomoka,
na kando ya meno mawili niliyoyachora
alama mbili ndogo, mbichi,
za meno ya mtu.